Chupa Iliyoandikwa Vitamini

Jumatano ile, ilipokaribia saa kumi za alasiri, Mwalimu alisimama kwenye mlango wa duka la dawa akamwona mchumba wake wawili.

Walikuwa nyuma ya kaunta bega kwa bega, koti jeupe kwa koti jeupe, kila mmoja ameshika kisu bapa na trei ya kuhesabia vidonge. Wakainua macho kwa pamoja, wakamtabasamia. Mwalimu alifumba jicho moja na mmoja akatoweka. Alipolifumbua, aliyetoweka akarudi mahali pake, kana kwamba alikwenda kuchungulia tu.

Alikuwa amekuja akiomba kimoyomoyo amkute yule mama msaidizi wa zamu, ambaye huuza bila kuuliza. Dua za mtu anayeficha jambo aghalabu hazina miguu. Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki kabla ya harusi, na Mola alipenda akutane na yule yule aliyekuwa akimkwepa.

"Mwalimu," akasema Mfamasia. Hakumwita jina jingine tangu siku ile, mwaka mmoja na nusu nyuma, alipokuja na mtoto wa darasa lake mwenye kikohozi na kumwambia mbele ya wateja kwamba vijiko vitatu kila siku kwa siku tano ni kumi na vitano, na chupa aliyompa ina kumi na viwili. "Leo shule imefungwa mapema, au umetoroka?"

"Nimetoroka. Usinishtaki."

"Nikikushtaki nitaoa wapi tena?"

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi na chupa ya dawa ya kikohozi mapajani alicheka peke yake. Mwalimu hakucheka. Aliuvuta mkono wa gauni lake hadi kwenye vidole.

"Naomba mafuta ya kuwashwa."

"Nani anawashwa?"

"Mwanafunzi."

"Yupi?"

"Wa darasa la tano. Bwana Vidonge, unauza dawa au unafanya usaili?"

Bwana Vidonge lilikuwa jina alilopewa na watoto wa shule, naye huwa analifurahia. Safari hii alikunja uso kidogo, akageuka kwenye rafu, akatoa mrija wa mafuta na kuuweka juu ya kaunta. Mwalimu alinyoosha mkono kuuchukua. Vidole vyake vikafumba juu ya kioo kitupu, shubiri moja kando ya mrija.

Akajaribu tena. Akashika hewa tena.

Mfamasia aliusogeza mrija kando. Alimtazama machoni, kisha akautazama ule mkono uliokuwa bado juu ya kioo. Mkono wa gauni ulikuwa umerudi nyuma. Kuanzia kwenye kifundo cha mkono kupanda juu, ngozi ilikuwa imejaa madoa mekundu, mengine yameanza kuungana kama wino uliodondokea karatasi yenye maji.

"Tangu lini?"

"Jana." Akaushusha tena mkono wa gauni. "Juzi."

"Una homa?"

"Kidogo."

"Mdomoni kuna vidonda? Macho yanachoma?"

"Hapana. Nimekula kitu kibaya, basi."

"Umemeza nini mwezi huu?"

"Vitamini."

"Nini kingine?"

"Vitamini tu."

"Mwalimu, umemeza nini?"

"Nimekwambia."

"Nakuuliza mara ya nne, na sikuulizi kama mchumba. Vitamini hazimfanyi mtu ashike hewa."

Walitazamana. Laiti macho yangekuwa na ulimi, yote yangesemwa hapo na hadithi hii ingekuwa fupi. Mwalimu aliwaona wale wawili wakimsogelea kwa wasiwasi mmoja, na mapenzi aliyokuwa nayo kwa mtu yule yakamwelemea kifuani hata akahisi anahitaji kukaa chini.

"Nikuulize mimi moja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Tuseme mtu ana jambo. Jambo la tangu utotoni, ambalo hakulitaka. Akikwambia, utabaki?"

"Mtu gani?"

"Utabaki?"

"Kijana," akaita yule mzee, akiinua chupa yake, "hii ya leo ina ladha ya sabuni. Ile ya mwezi uliopita ilikuwa na ladha ya chungwa. Umenibadilishia?"

Mfamasia aligeuka kwa adabu, akasema ni ile ile, mzee wangu, ni kiwanda kilichobadilisha ladha. Aliporudisha uso mlango ulikuwa mtupu. Aliona tu kiganja kikiteleza juu ya ukuta wa nje, kikipapasa njia kama cha mtu anayetembea gizani mchana.

Akavua koti, akageuza kibao cha *Narudi Hivi Punde*.

"Na sabuni yangu?" mzee akauliza.

"Inywe hivyo hivyo, mzee wangu. Nisamehe."

*

Siri ile ilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Mwalimu alianguka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, mbele ya ubao, chaki mkononi. Hospitali ikasema ni kifafa. Alipewa dawa ya kwanza ikamlaza, ya pili ikamtapisha, mpaka akapata lamotrijini, vidonge vidogo vyeupe, asubuhi na jioni. Vikamkubali. Miaka mitatu mfululizo hakuanguka hata mara moja. Alisoma, akahitimu, akasimama tena mbele ya ubao na chaki yake.

Mama yake alikuwa mjane, karani wa masjala ya mahakama kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo alijifunza kwamba faili likitoka kabatini halirudi na karatasi zile zile. "Ugonjwa una dawa," alikuwa akisema. "Maneno ya watu hayana." Basi siku posa ilipoletwa alichukua chupa ya vitamini iliyokwisha, akaiosha, akaikausha juani, akavimimina humo vidonge vya binti yake na kuiweka kwenye rafu ya sebuleni kando ya redio, mahali ambapo kila mgeni ataiona na hakuna atakayeitazama.

Kisha maandalizi ya harusi yakaja na usiku wa kukesha, na wiki tatu kabla ya Jumatano hii Mwalimu alianguka alfajiri chumbani kwake. Mama hakumpeleka hospitali yao ya siku zote. Alimpeleka kliniki ya upande wa pili wa mji, wasikojulikana. Mwalimu alikuwa bado na ukungu kichwani; alikumbuka sauti ya mama ikijibu maswali, alikumbuka dari. Walirudi na vidonge vipya, vikubwa, rangi ya zambarau, vinavyoitwa valproeti. Mama akavimimina katika chupa ile ile.

Akavimeza vyote, kwa imani ya binti kwa mama na ya mgonjwa kwa daktari. Wiki ya kwanza mikono ilianza kutetemeka, akadhani ni furaha. Wiki ya pili tarakimu za ubaoni zikaanza kupata mapacha. Sasa hivi, akiingia kwao huku ameshika mwimo wa mlango, aliwaona mama zake wawili wamekaa kwenye makochi mawili, na wifi wawili wamepiga magoti sakafuni juu ya kitambaa cheupe.

Wifi huyo ndiye Dada Mkubwa wa Mfamasia. Alimlea tangu alipofiwa na wazazi, kwa cherehani na sare za shule, na hapakuwa na mlango katika maisha ya mdogo wake ambao haukupitia tundu la sindano yake. Alikuwa na pini tatu mdomoni na futi ya kupimia shingoni.

"Bibi harusi huyo," akasema bila kutoa pini. "Njoo nikupime kiuno. Umekonda, au ni mimi ninayenenepa kwa niaba yako?"

Kabla hajajibiwa, Mfamasia alitokea mlangoni, pumzi juu.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Dada."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama. "Mbona mbio? Kuna moto?"

"Naomba kuiona chupa ya vitamini anazotumia Mwalimu."

Mama hakutikisika. Mikono yake tu ndiyo iliyoacha kukunja kadi za mwaliko zilizokuwa zimerundikana mezani. "Vitamini tu hizo. Za nini?"

"Mpe, Mama," Dada Mkubwa akasema, sasa ametoa pini. "Huyu akishikwa na kazi hana tiba. Nyumbani kwangu anahesabu maharage tano tano."

Mfamasia hakusubiri kupewa. Hatua mbili zilimfikisha kwenye redio. Aliisoma chupa, akaifungua, akanusa, akaitazama ndani. Kisha akasogeza kisosi cha kikombe cha chai na kumimina. Hakuwa na kisu bapa chake, basi akaokota kadi moja ya mwaliko, iliyoandikwa majina yao mawili kwa wino wa dhahabu, na kwa ukingo wake akaanza kutenganisha. Tano nyeupe huku. Tano za zambarau kule. Tano nyeupe. Tano za zambarau. Sauti ya karatasi ikikwaruza kisosi ilijaa chumba kizima.

"Hizi si vitamini," alisema.

"Ni zangu," Mama akajibu upesi. "Ni za presha. Nilikosa chombo."

Mfamasia aliinua uso. Hapakuwa na ukali ndani yake, na hilo ndilo lililomtisha Mwalimu zaidi. Alikuwa amepauka kwa hofu.

"Mama, nakuheshimu. Ukisema ni zako ni zako, nami nitakuuliza wewe. Nani alikuandikia hizi mbili zikae mwilini pamoja? Daktari mmoja, au wawili?"

Mama akatazama kadi.

"Na kama ni zako, nionyeshe mkono wako. Maana mwenye kumeza hizi, kwa vile zilivyo hapa, anaweza kuwa katika hatari sasa hivi tunapozungumza."

Dada Mkubwa alikuwa amesimama. Alimtazama mdogo wake, akamtazama Mama, akamtazama bibi harusi aliyeegemea ukuta. Mwanamke aliyeshona nguo za watu miaka thelathini hujua palipofichwa kiraka.

"Hizo ni dawa za nini?" akauliza.

Hapo Mwalimu aliona njia mbili, wala si kwa sababu ya macho yake. Angeweza kunyamaza. Mchumba wake asingemwumbua mbele ya dada yake. Angemvuta nje, angemwuliza kwa faragha, siri ingepona siku moja zaidi. Mama yake alikuwa akimsihi hivyo kwa macho, mama aliyemlaza kifuani kila alipozinduka, aliyempangusa mapovu kwa upindo wa khanga na kumwimbia. Kumsema ni kumvua nguo mbele ya wakwe.

"Ni zangu, wifi," alisema. "Nina kifafa. Tangu nina miaka kumi na miwili."

Futi ilishuka shingoni mwa Dada Mkubwa, ikaanguka juu ya kitambaa cheupe.

Mfamasia alifumba macho kwa muda wa pumzi moja. Alipoyafumbua hakuzungumzia kifafa. "Hizi nyeupe ulikuwa nazo zamani?"

"Miaka mingi."

"Na za zambarau?"

"Wiki tatu."

"Daktari aliyekupa za zambarau alikupunguzia nyeupe?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hakusema umeze nusu?"

"Hakusema kitu. Kwani ilibidi?"

Akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, akasema polepole kama wanavyosemeshwa watu wanaopendwa. "Sikiliza. Kila siku ini lako linaivunja hii nyeupe na kuitoa. Ndiyo maana unameza asubuhi na jioni, ujaze kilichotoka. Hii ya zambarau inalishika ini mkono. Nyeupe inataka kutoka, haipati mlango. Ya jana inaikuta ya leo, ya leo inaingoja ya kesho. Unameza kipimo kimoja, mwili unabeba viwili. Ndiyo mikono inatetemeka. Ndiyo unaniona…"

"Wawili," alisema Mwalimu.

"Wawili." Midomo yake ilitaka kutabasamu ikashindwa. "Na haya madoa ndiyo yanayonitisha. Yakiachwa yanaweza kuingia mdomoni, machoni, ngozi ikabanduka. Madaktari hujua haya. Wanaoandika ya pili huipunguza ya kwanza kwa nusu, na huangalia ngozi. Huyu alijua kwamba unatumia ya kwanza?"

"Mama alimwambia." Akageuka. "Si ulimwambia, Mama?"

Karani wa masjala aliokota kadi moja, akaiweka juu ya nyingine, akazilinganisha kingo. Kisha mikono yake ikakosa la kufanya.

"Muuguzi aliyekuwa ndani," alisema, "nyumba yake inatazamana na ya huyu." Alimwelekezea Dada Mkubwa kidevu. "Niliwahi kumwona siku nilipokwenda kwa huyu kupanga harusi. Daktari akauliza mbele yake, anatumia dawa gani. Nikasema hakuna, ndiyo kwanza anaanguka. Nikasema vitamini tu."

"Nilidhani nakulinda," akamwambia bintiye, kwa sauti ambayo Mwalimu hakuwahi kuisikia. "Nilidhani dawa ni kama maji, ukiongeza unaongeza."

Mwalimu alikwenda kwenye kisosi kwa mguu usiojua sakafu ilipo. "Basi naviacha vyote leo. Nimechoka kuishi ndani ya chupa."

Mfamasia alikiwahi kisosi, akakifunika kwa kiganja. "Huachi vyote. Ukiviacha kwa mkupuo, kifafa kitarudi na hasira ya miaka mingi. Usimeze kitu, usitupe kitu, mpaka tumwone daktari. Ni mwendo wa robo saa. Vaa viatu."

"Hukunijibu."

"Viatu kwanza."

"Nilikukuta dukani kwako nikakuuliza moja. Kama jibu ni hapana, nataka kulisikia nikiwa nimesimama, si nikiwa kitandani nimefungwa mipira ya dripu."

Ndipo uchungu wake ulipomtoka. "Nilikuuliza mara nne, Mwalimu. Kazi yangu yote ni kuwasihi watu wasinifiche wanachomeza. Wageni wasionijua wananiambia hata yale nisiyotaka kuyasikia. Wewe umenificha mwaka na nusu."

"Ningekwambia ungebaki?"

"Hukunipa nafasi ya kulijua hilo. Nikilijibu sasa, utaniona nimekuhurumia, na utaubeba huo wasiwasi mpaka uzeeni. Swali lako nimelipokea. Nitalijibu ukiwa salama."

Alisikia neno *salama*, lakini lililobaki moyoni lilikuwa *nitalijibu*, nalo lilikuwa baridi. Akainama kutafuta viatu, akashika kiatu kisichokuwapo. Mfamasia alipiga goti, akamvisha.

"Mdogo wangu." Dada Mkubwa hakupaza sauti. "Wewe kaa. Atapelekwa na mama yake. Jambo la namna hii linarudi kwa wazee."

"Wazee wangu ni wewe, Dada."

"Basi ndiyo nasema mimi. Kaa."

Alisimama mbele ya dada yake na kuinamisha kichwa, kama alivyofundishwa tangu alipokuwa hawezi kufunga vifungo vyake. "Umenilisha, umenivisha, umenisomesha. Sijawahi kukukatalia neno. Leo nakuomba ruhusa nikukatalie moja."

Dada Mkubwa akainama kuokota futi yake. Mfamasia akakirudisha kila kidonge chupani, akaitia mfukoni, akampa Mwalimu mkono.

*

Ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulikuwa umejaa. Watu walikaa kwenye mabenchi goti kwa goti, na aliyekosa benchi aliegemea mwenzake. Karani wa dirishani aliuliza bila kuinua kichwa, kwa sauti iliyozoea makelele.

"Tatizo?"

"Madoa ya ngozi na homa," akasema Mfamasia, "na anaona vitu viwili viwili."

"Anatumia dawa yoyote?"

Mfamasia alifungua mdomo. Mkono wa Mama, aliyewafuata nyuma, ukamgusa begani na kumsogeza kando. Alikuwa mfupi, ilimbidi asimame kwa ncha za vidole ili uso wake ufike kwenye dirisha.

"Mimi ni mama yake. Mwanangu ana kifafa." Sauti yake ilikuwa ile ya mahakamani, inayoita majina hadi uani. Mabenchi mawili ya mbele yaligeuka, kisha la tatu. "Anatumia lamotrijini, asubuhi na jioni, miaka mingi. Wiki tatu zilizopita akaongezewa valproeti na daktari ambaye mimi, mama yake, nilimficha ile ya kwanza. Hana kosa daktari, wala binti. Andika hivyo hivyo. Na jina langu liandike chini."

Karani aliinua kichwa. "Rudia hiyo ya pili, Mama."

Akairudia, herufi kwa herufi. Mwalimu, aliyekaa nyuma na kichwa kizito, aliwaona mama zake wawili wamesimama kwa ncha za vidole mbele ya madirisha mawili, na machozi aliyoyazuia tangu dukani yakapata njia.

Walimlaza jioni ile ile. Daktari, mwanamke mwenye kalamu tatu mfukoni na maneno machache, alisimamisha vidonge vyeupe, akasema mdomo na macho bado ni salama na ni vyema hawakungoja. Hata za zambarau, alisema, hazimfai mwanamke anayetarajia kubeba mimba. Lakini hizo hazitolewi ghafla. Angemtafutia ya tatu, isiyogombana na wenzake, na kuibadilisha hatua kwa hatua.

"Unatarajia kubeba mimba?" aliuliza.

Mwalimu alitazama mlango wa wodi. "Sijui, daktari."

Alhamisi Mfamasia hakuingia wodini, wala Ijumaa. Mama alisema anafika kila saa ya kuona wagonjwa, anamwuliza muuguzi kuhusu madoa na homa, anasimama kwenye korido mpaka kengele ilie, anaondoka. "Haingii?" "Haingii." "Na hasemi kitu?" "Anasema kesho atarudi." Mwalimu aligeukia ukuta. Mola humpa mja mtihani kwa kipimo chake, lakini usiku ule kipimo kilimdhani mrefu kuliko alivyo.

Jumamosi aliyeingia alikuwa Dada Mkubwa. Hakuleta maua wala matunda. Alivuta kiti, akakaa kama mtu aliyekuja kudai nguo yake, akamkagua mkono ambao madoa yalikuwa yameanza kufifia kuwa rangi ya chai.

"Ukianguka," alisema, "mtu akushike vipi?"

Mwalimu alidhani hakusikia vizuri.

"Nakuuliza. Uko jikoni kwangu, umeanguka, tuko wawili tu. Nifanye nini?"

"Usinishike, wifi. Ondoa vitu vigumu karibu yangu. Weka kitu laini chini ya kichwa. Kifafa kikitulia nilaze ubavu. Usinitie kitu mdomoni, hata kijiko. Na utazame saa."

"Kwa nini saa?"

"Zikipita dakika tano, ita gari la wagonjwa."

"Ubavu. Hakuna kijiko. Dakika tano." Aliyahesabu kwa vidole vya kushona, vyenye vinundu vya sindano. Akayarudia. "Nilimkataza mdogo wangu kuingia humu siku hizi zote. Akaniuliza mpaka lini, nikamwambia mpaka nimtazame mwenyewe huyu binti, bila mama yake wala mchumba wake, nijue kama akiulizwa anajibu." Alitoa pumzi. "Mama yako nimemkasirikia, na nitaendelea mpaka nichoke. Harusi itasogea mwezi mmoja. Zile kadi tarehe yake tutaibadilisha kwa kalamu."

"Mimi ni mwalimu, wifi. Kusahihisha ndiyo kazi yangu."

"Basi umejipatia kazi." Akasimama, akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa bahasha ndogo ya kaki, zile wanazotilia vidonge dukani. "Amesema nikupe hii. Amekataa kuniambia kuna nini ndani, na mimi nimeisoma njiani."

Bahasha ilikuwa tupu. Mahali pa kuandika jina la mgonjwa paliandikwa *Mwalimu*. Mahali pa kuandika namna ya kutumia, kwa mwandiko mdogo uliobanwa ili utoshe, palikuwa na mistari minne:

*Dawa mbili kwenye mwili, huwa kama majirani,*
*Zisipojuana hali, hugombana faraghani;*
*Nasi pia tu wawili, tusifichane ya ndani,*
*Swali lako la awali, jibu: nabaki nyumbani.*

Aliusoma ubeti mara moja kwa haraka, mara ya pili kwa pole. Kisha, kwa vidole ambavyo bado vilikuwa na mtetemo mdogo, akaanza kuhesabu mizani ya kila kipande, kama anavyohesabu mtu anayeogopa kufurahi kabla ya wakati. Nane. Nane. Nane tena. Mpaka kipande cha mwisho hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua.

Viatu vilisimama kwenye kizingiti cha wodi. Alijua ni vya nani, lakini hakuthubutu kuinua uso upesi. Kwa siku nyingi macho yake yalikuwa yamemdanganya.

Aliinua. Mlangoni alisimama mtu aliyevaa koti jeupe, kola imekaa upande, ndevu hazijanyolewa, na alikuwa mmoja.